Theta na Fai Zilivyomrudisha Witness

Ukungu wa Newala ulikuwa haujaachia hata paa moja asubuhi ile, na sisi wa benchi la Nasibu muuza kahawa, nyuma ya stendi, tumeinamia vikombe. Baba Witness alikaa katikati yetu. Binti yake Witness kadisko chuo, kafeli hata marudio wakamwondoa, karudi juzi. Mtu mwenye msiba huachwa anywe kahawa yake, lakini benchi letu halina adabu hiyo, na siku ile nililichukia.

— Kosa lenyewe lipi hasa? akauliza Salfa, mpuliza dawa wa mikorosho.

— Herufi, akasema Baba Witness. Theta na fai. Majina ya pembe za kwenye kitu cha mviringo kama mpira. Moja inazunguka kiunoni, nyingine inashuka kutoka utosini. Watu wa hesabu theta yao inazunguka. Wa fizikia, theta yao inashuka.

— Sasa Witness?

— Mtihani wa kwanza kafuata ya hesabu, msahihishaji akawa wa fizikia. Wa marudio kafuata ya fizikia, msahihishaji akawa wa hesabu.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Profesa, fundi simu wetu, kwa huzuni kabisa.

— Imeingiaje hapo?

— Imeingia tu.

— Hao walimu wanagombea mwanamke, akasema Salfa. Mapenzi ni kikohozi!

— Mwanamke gani? akasema Profesa. Ni dunia nzima! Hata watu wa hali ya hewa wamezichanganya herufi hizo. Ndiyo maana mvua ikitabiriwa Newala inanyesha Masasi.

— Lahaula! Basi hata ubwiriunga! Mimi napuliza kwa kushuka, ugonjwa unakula mikorosho kwa kuzunguka!

Tukacheka. Baba Witness hakucheka.

Mama Trevor, jirani yake, akatokea kwenye ukungu.

— Shikamoo Baba Witness.

— Marahaba.

— Natoka kwako. Mtoto kakaa kitandani, begi miguuni, hajalifungua tangu afike. Kaniomba nikuulize, mwenyewe anaogopa.

— Aniulize nini?

— Alifungue akae, au asilifungue aondoke?

Salfa akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe. Baba Witness akamnyooshea Nasibu kikombe chake aongezewe. Nilitamani kumjibia, ila mtoto si wangu.

Mama Trevor alisubiri mpaka ikawa aibu. Akajifunga kanga upya.

— Basi nitamwambia sikukukuta, akasema.