Farasi Kumi na Watatu Waliopotea

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili mabovu, pale lami inapokwisha na njia ya udongo inapoanza kupanda mlima. Ng'ambo yake kuna gereji ya Fundi Rola, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mashine yake ya kupimia nguvu. Unapandisha chombo juu ya rola za chuma, unavuta mafuta mpaka mwisho, magurudumu yanazunguka hapo hapo bila kwenda popote, na kioo kidogo cha namba ukutani kinakwambia ukweli ambao pengine hukuutaka. Asubuhi hiyo watu waliwahi kuliko kawaida yao. Kahawa aliyoiuza Chungu hapo kijiweni ilikuwa bado ya moto, na kinyozi Redio, ambaye hajawahi kukosa habari hata siku isiyokuwa na habari, alikuwa amemwacha mteja kitini akiwa amenyolewa upande mmoja. Mama Madumu alikuwa amepungukiwa farasi, na jambo kama hilo haliwezi kusubiri nywele za mtu.

Mwenyewe aliketi mwisho wa benchi, khanga kaifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kugombana, na kweli alikuja kugombana. Miaka nenda miaka rudi ndiye aliyeshusha maziwa ya wafugaji wa juu mlimani: kwanza kwa baiskeli, halafu kwa pikipiki, na tangu msimu uliopita kwa pikipiki ya matairi manne, ile pana yenye kutambaa kwenye tope kama kobe mwenye hasira. Aliinunua kwa sababu tangazo lilisema ina nguvu za farasi hamsini. Sasa chama cha wafugaji kilikuwa na kanuni mpya: chombo cha kubeba maziwa kisipungue farasi arobaini na watano. Jana chombo chake kikapimwa kwa Rola, na kioo kikasema thelathini na saba. Mwenyekiti wa chama akamwambia asipande kwanza, asubuhi watakaa wazungumze. Mazungumzo yataishia wapi, kila mtu alijua, maana kijana Sabini alikuwa ameshaegesha matairi-manne yake mbele ya gereji, imeoshwa inang'aa mpaka kwenye nati za rimu. Yake ilitangazwa farasi sabini, ndiyo maana akaitwa Sabini, na jina hilo alilivaa kama kofia.

— Farasi kumi na watatu, shemeji, — Redio alisema. Alimwita shemeji kwa urafiki aliokuwa nao na marehemu mumewe. — Wakipotea mbuzi kumi na watatu mtaa mzima unatoka kutafuta. Hawa wako wapi?

— Unaniuliza mimi? Kamuulize aliyenitangazia.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, — Sabini akadakia.

— Na ya kwako ilijitembeza kwenye bango kubwa kuliko nyumba ya mwenyekiti. Kunywa kahawa, mwanangu, itapoa.

Benchi lilicheka. Sabini akanywa kahawa.

— Mimi nawaambia ni joto, — Chungu alisema huku akimimina. — Huko kiwandani kuna baridi. Farasi kwenye baridi anachangamka. Mlete huku juani, anatafuta kivuli. Thelathini na saba ndio walio kazini, hao wengine wamepumzika.

— Acha hizo, Chungu. Tatizo ni msongamano, — Redio akasema. — Wahenga walishamaliza: mafahali wawili hawakai zizi moja. Sasa farasi hamsini kwenye injini moja, wewe ulitegemea nini? Lazima wengine wahame.

— Methali ya mafahali hiyo, hawa ni farasi.

— Ndiyo vibaya zaidi. Fahali angalau hana mbio.

Fundi Rola alivuka barabara akijifuta grisi mikononi. Ni mtu mpole, na anapoeleza jambo hulieleza kwa utulivu mpaka watu wanaacha kumsikiliza.

— Hakuna aliyehama, jamani. Kiwandani wanapima injini peke yake, imefungwa kwenye meza. Mimi napima kinachofika kwenye tairi. Hapa katikati kuna mkanda, kuna gia, kuna ekseli, kuna na tairi zenyewe nzito. Kila kimoja kinamega chake. Ni kama birika la Chungu. Linatoka nyumbani limejaa, likifika hapa limeshamwagika njiani.

— La kwangu halimwagiki, — Chungu alisema.

— Nimetoa mfano tu.

— Toa mfano wa birika la mtu mwingine.

— Kwa hiyo tangazo halikudanganya? — Mama Madumu akauliza.

— Halikudanganya. Ila halikukwambia limepimia wapi.

— Huyo kwetu anaitwa mwongo aliyesoma, — Redio alisema, akamgeukia Chungu. — Lakini mimi bado nina wasiwasi na ile meli. Hizi mashine zinakuja kwa meli, si ndiyo? Farasi walihesabiwa wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka nani aliwahesabu? Asiyekuwepo na lake halipo.

— Na ile picha ya tangazo, — Chungu akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya ndoa. — Umeiangalia vizuri? Chombo kiko hewani. Kimeruka jiwe. Hakigusi ardhi, hakina mzigo, na anayeendesha ni kijana mwembamba kama ufito. Hao hamsini ni wa hewani. Ukigusa chini tu, kumi na watatu wanakufa kwa mshtuko.

— Kiuno cha farasi ni dhaifu, — Redio alikubali, kana kwamba amewahi kumfuga hata mmoja.

Mama Madumu hakucheka tena. Masikio yake yalikuwa kwenye benchi, moyo wake ulikuwa juu mlimani. Muda ule angekuwa ameshapakia, ameshasalimiana na kila nyumba, ameshaambiwa ng'ombe gani kazaa na mtoto gani kaota jino. Kazi ile ndiyo iliyomtoa kitandani mwaka ule alipofiwa, na hakuwa tayari kunyang'anywa na tarakimu mbili kwenye kioo. Akaweka kikombe chini.

— Fundi, hiyo ya Sabini umeshaipima?

Rola akamtazama Sabini. Sabini akatazama rimu zake.

— Yangu haina haja, mama. Ina karatasi ya kiwandani.

— Na yangu ilikuwa nayo. Ipandishe.

— Mkanda bado mpya, sitaki kuuchosha bure.

— Sabini, mwanangu. Jana ulikuja kushuhudia yangu ikipimwa, ukaleta na wenzako. Leo nataka na mimi nifurahi kidogo. Ipandishe.

Benchi zima lilinyanyuka na vikombe mkononi. Mwenyekiti alifika wakati huo huo, mwavuli kwapani ingawa mvua ilikatika alfajiri, akawakuta wote wamejazana gerejini, naye akajipenyeza. Rola akaifunga ile mashine mikanda mbele na nyuma, akaketi, akavuta mafuta. Kelele ilijaa kwenye mabati. Moshi ukatoka, kikombe cha Redio kikatetemeka, namba kwenye kioo zikapanda, zikapanda, zikasita, zikagoma.

Hamsini na moja.

Halafu Redio akavua kofia kwa heshima ya marehemu.

— Kumi na tisa, — alisema. — Farasi kumi na tisa, na hakuna hata msiba.

— Mimi nimepoteza kumi na watatu, wewe kumi na tisa, — Mama Madumu alisema. Sasa alikuwa anacheka mpaka khanga inamlegea. — Haya tuambie, Sabini. Kati yangu na wewe nani mchungaji mbovu?

— Tumwiteje sasa? — Chungu akauliza. — Hamsini na Moja ni jina refu, mtu atagongwa na gari kabla hujamaliza kumwita.

Hata Sabini alicheka, ingawa alicheka kwa mdomo tu. Mama Madumu alihisi mwili umekuwa mwepesi. Tangu jana alikuwa ameinama kwa aibu ambayo kumbe haikuwa yake peke yake.

Mwenyekiti akakohoa.

— Tumefurahi, — alisema. — Lakini dada yangu, kanuni inasema arobaini na tano. Hamsini na moja iko juu. Thelathini na saba iko chini. Mimi siipendi, ila kanuni ni kanuni.

Kicheko kilikatika. Ilimuuma Mama Madumu, na ilimuuma zaidi kwa kuwa alishaanza kusherehekea. Redio, ambaye hakosi neno, aliishia kusema haraka haraka haina baraka, na hakuna aliyemuuliza ana maana gani.

Walirudi kwenye benchi taratibu. Hapo ndipo walipomkuta mwanamke mgeni, amesimama pembeni ya birika, tope mpaka magotini, dumu la maziwa kalitua miguuni. Hakuwa mtu wa pale kijiweni. Alisema amehamia juu kabisa, nyumba ya mwisho, tangu mwezi uliopita, na kwamba wenzake wamesubiri maziwa yachukuliwe tangu asubuhi wakaona kimya. Yeye kaamua kushuka kwa miguu ajue kuna nini.

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja: Rola akaeleza mkanda na ekseli, Chungu akaeleza joto, Redio akaeleza meli, mwenyekiti akaeleza kanuni, Sabini akaeleza kwamba hamsini na moja si haba. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, akipangusa tope kwa jani. Chungu akampa kikombe.

— Kwa hiyo ya huyu mama mmeipima, — mgeni alisema.

— Tumeipima, — mwenyekiti alijibu.

— Na ya huyu kijana mmeipima.

— Leo hii hii, kwa macho yangu.

— Na mlima je, unataka farasi wangapi?

Mwenyekiti akamtazama Rola, Rola akatazama rola zake za chuma, ambazo kwa bahati mbaya mlima haupandi juu yake.

— Arobaini na tano, — mwenyekiti alisema hatimaye, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza.

— Nani aliupima?

— Kanuni ilikuja... kikaoni ilisomwa...

— Sikuulizi ilisomwa wapi. Nauliza nani alipanda.

Redio alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, Redio alikosa stesheni.

Mama Madumu akanyanyuka. Alijifunga khanga upya, safari hii kwa ajili ya kazi.

— Mwenyekiti, — alisema. — Twende tukaupime. Panda nyuma.

— Mimi?

— Wewe ndiye kanuni. Na huyu mgeni wetu apande, ameshatembea vya kutosha. Madumu matupu yote nafunga juu. Sabini, na wewe washa, twende pamoja. Farasi wako ni wengi, utatungoja huko juu.

Watu wakamgeukia Sabini. Naye akaugeukia mlima, njia nyekundu iliyolowa, imechimbika mifereji. Akazigeukia rimu zake.

— Leo tope limezidi, mama, — alisema.

— Nenda nalo hivyo hivyo.

— Mimi... nitapanda likikauka.

Hakuna aliyemcheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuchekwa. Ila Sabini si mtu wa roho mbaya. Aliinuka mwenyewe, akashika kamba, akasaidia kufunga madumu.

Walipoanza kupanda, mwenyekiti alikuwa ameukumbatia mwavuli wake kama mtoto. Mama Madumu hakuvuta mafuta kwa fujo. Aliweka gia ya chini, akaacha matairi yatafune taratibu, akakwepa mfereji wa kwanza kushoto kwa sababu alijua wa pili uko kulia. Kwenye kona mbaya ya bwawa, mkanda ulipiga kelele na nyuma ikateleza; mwenyekiti akaanza kusali dua ya safari kuanzia mwanzo. Mama Madumu akaachia kidogo, akangoja tairi lishike, akavuta tena. Likashika. Alijua kila jiwe la njia ile, na leo, akiwa na kanuni nzima imekaa nyuma yake inatetemeka, aliipenda kuliko siku zote.

Juu kabisa wafugaji walikuwa wamejipanga na madumu yao. Walipoona ni yeye wakapiga vigelegele, mmoja, wawili, halafu wote. Mwenyekiti alishuka, akasimama akitazama njia waliyotoka kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Simu yake ikaita. Alikuwa Redio, na sauti yake ilisikika mpaka kwa ng'ombe: mlima umekutwa na farasi wangapi?

Mwenyekiti alimtazama Mama Madumu, ambaye alikuwa tayari anafungua kamba na kuwasalimia watu, anauliza habari za ndama.

— Sijui, — alisema kwenye simu. — Mwambie Sabini na yeyote mwingine anayeitaka kazi hii: aje huku juu kwanza, mvua ikinyesha, halafu ndiyo tuzungumze. Hiyo ndiyo kanuni sasa.

Vigelegele vikaanza upya. Mama Madumu alihisi macho yanamchoma, akayaacha yachome, ni machozi yake. Halafu akapiga kofi kiti cha ile mashine na kuinua mkono.

— Haya, leteni madumu.