Gari Lililonyamaza Mbele ya Mashahidi

Benchi lenyewe ni kiti cha basi lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani mwa duka la matairi, pale mtaa unapoanza kupanda kilima kwenda barabara kuu. Dada Kahawa humimina. Antena, fundi redio, hunywa na kusema. Kiberiti, kinyozi wa mlango wa pili, huacha kichwa cha mteja nusu ili asipitwe na ubishi. Alasiri hiyo Mzee Taratibu alikaa pembeni amefumbata funguo za gari lake la umeme, kwa kuwa binti yake alikuwa njiani kuja kuzichukua. Tangu amzike mkewe, mzee alikuwa akilalamika kwamba gari linatetemeka, na hakuna mwingine aliyewahi kulisikia. Gereji walilichomeka kompyuta, haikuonyesha kosa. Watoto wakashauriana kwa simu, wakakubaliana: Baba ana majonzi, asiendeshe.

— Narudia, alisema Mzee Taratibu. Likienda polepole, kimya. Ukiachia pedali, kimya. Ukilikanyaga sana kupanda kilima, usukani unatetemeka na huko chini kunasaga, gru-gru-gru.

— Umeme huo, alisema Antena. Ukikanyaga ghafla, wote unakimbilia mlango mmoja. Unakanyagana. Unachosikia ni vilio.

— Vilio vya nani?

— Vya umeme mdogo mdogo.

— Debe tupu haliachi kuvuma! Kiberiti alimnyooshea wembe. Umeme ulikanyagana wapi? Mzee, unachaji wapi?

— Nyumbani.

— Mnaona? Umeme wa nyumbani umezoea pasi na friji, vitu vya kukaa. Leo unaupandisha kilima, usitetemeke? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Kinyozi! sauti iliita kutoka ndani. Upande wa pili!

— Subira huvuta heri, kaka!

— Heri ya upande mmoja ninayo tayari!

Dada Kahawa aligonga birika kwa kijiko.

— Nyie wanaume. Hata magari ya petroli yanatetemeka, ila injini inapiga kelele. Penye ngoma humsikii panya darini. Hili halina ngoma, basi kila kitu kinasikika.

Mzee Taratibu alimgeukia kwa shukrani. Hilo lilikuwa neno la kwanza lenye akili tangu akae.

— Kwa hiyo ni panya, alisema Antena.

— Sikusema panya!

— Panya anayeamka kwenye kilima tu? aliuliza Kiberiti.

— Wapo, alisema Antena. Anaogopa kuteleza, anang'ata shafti, chuma kinachozungusha gurudumu.

— Maneno hayavunji mfupa, alisema Kiberiti akisimama. Twendeni tukasikilize.

Na kijiwe kile kina desturi yake: shauri haliamuliwi mpaka wote wawepo. Kiberiti alikaa mbele na wembe wake. Nyuma wakajibana Antena, Dada Kahawa na birika mapajani, na yule mteja, shuka shingoni, aliyeapa hatamwacha kinyozi wake aende peke yake. Mzee Taratibu akashika usukani, akasema kimoyomoyo, nguruma, tafadhali, leo tu, kisha akakanyaga mpaka mwisho.

Gari lilipaa kama pazia lililopigwa upepo. Kimya.

Wakateremka kilima, wakapanda tena. Kimya. Safari ya mwisho hakuna aliyetania. Kiberiti, ambaye hajawahi kumwonea mtu huruma hadharani, alimgusa bega.

— Pole sana, mzee wangu.

Pole ile ilimchoma kuliko kompyuta ya gereji.

Chini, binti yake alikuwa amesimama kando ya benchi.

— Shikamoo, Baba.

— Marahaba, mama.

Mzee akamwekea funguo kiganjani.

— Tumelisikiliza, dada, alisema Antena akitazama viatu vyake. Masikio yetu yote. Halina kitu.

Binti alimtazama Dada Kahawa akishuka na birika, kisha mteja mwenye nusu ya nywele.

— Mlikuwa humo wote?

— Wote!

— Na akiwa peke yake?

Kiberiti alichunguza wembe. Dada Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe, halikutoka tone.

Binti akamrudishia baba yake funguo.

— Panda peke yako. Tutasikiliza.

Alipofika katikati ya kilima akakanyaga, na usukani ukamtetemekea mikononi. Gru-gru-gru! Ilisikika mpaka kijiweni. Aliona kwenye kioo wakirukaruka kama timu yao imefunga bao. Antena amemkumbatia mteja, shuka inapepea.

— Linasaga! Linasaga, mzee! Si wewe, ni gari!

Aliporudi alikuwa akicheka, na maelezo yakamtoka moja kwa moja. Alikuwa ameinua springi za gari kwa sababu ya mashimo ya barabara. Tangu hapo linasimama kama mtu wa kunyata, na ukilikanyaga pua inanyanyuka zaidi, shafti zinapinda kupita kiasi kwenye viungo, zinasaga. Watu wakipanda, uzito wao unalishusha, shafti zinanyooka.

— Debe tupu! alipiga kelele Kiberiti. Nilisema tangu mwanzo!

— Ulikuwa unanitukana mimi! alisema Antena.

Wakaanza upya. Binti alizunguka, akaketi kiti cha mbele, akafunga mkanda.

— Twende gereji, wazishushe hizo springi.

Mzee akakanyaga. Lilipanda kilima chote bila kunong'ona. Juu, wakisubiri malori yapite, binti aliuliza:

— Uliziinua lini?

— Kabla mama yako hajaugua.

— Na halikutetemeka?

— Halikutetemeka. Alikuwa anakaa hapo ulipo.

Binti alitazama kiti alichokalia, akapapasa ukingo wake.

— Baba, kwani Mama alikuwa na kilo ngapi?

— Mwanangu, alisema Mzee Taratibu, miaka yote ile, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Wakacheka mpaka lori la nyuma likawapigia honi.