Mama Hakiki, Aliyetuzuia Kushangilia

Ifikapo tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika idara yetu ya takwimu za watu na afya, Mama Hakiki anatundika daluga. Jina lake rasmi lipo, ila hata mhasibu hulitafuta kwanza. Hili tulimpa wenyewe, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni: hakiki, halafu hakiki tena.

Alianza kama karani wa sensa, akipanda na kushuka vilima na begi la madodoso, hadi akawa mkuu wa uchambuzi. Njiani akatufundisha kwamba watu wana mapenzi na miaka inayoishia na sifuri. Ukisikia mtu ana sitini, mwulize alimzaa lini kifungua mimba wake. Ugonjwa huo aliupeleka hadi nyumbani. Mama mkwe wake alipofanyiwa karamu ya kutimiza miaka themanini, yeye alipiga hesabu palepale mezani na kutangaza kwamba bado minne. Mama mkwe alimnunia mwezi mzima. Mumewe, fundi redio, anasema tangu siku hiyo hataji umri wake bila wakili.

Lakini jamani, nani atasahau sensa iliyopita? Matokeo ya wilaya za milimani yalipotoka, yalionyesha vifo vya watoto vimekaribia kwisha. Tulipiga vigelegele hadi walinzi wakapanda ghorofani kuuliza kulikoni. Soda zikaagizwa, waandishi wa habari wakaalikwa. Na haikuwa furaha ya bure, kwani takwimu hizo ndizo zingeamua zahanati mpya za watoto zijengwe wapi. Wilaya zenye vifo vichache zingerukwa.

Mama Hakiki hakugusa soda. Aliinamia kompyuta yake, kisha akampigia karani mmoja wa huko na kumhoji kwa upole. Ikajulikana kwamba makarani wengi waliona vibaya kumuuliza mama mfiwa amezika watoto wangapi, wakaliruka swali. Kompyuta nayo, kila ilipokuta pengo, ilisoma sifuri. Watoto wa watu walikuwa wamefutika kwa sababu ya huruma.

Asubuhi ya tangazo alimwendea mkurugenzi, akaomba lisitishwe. Mkurugenzi, ambaye alikuwa keshafunga tai, alimkumbusha kwamba kikiharibika kitu hapo, cheo cha Mama ndicho kitakachoondoka. Jibu tulilisikia sote, maana mlango ulikuwa wazi.

"Nikikosea mimi, mtanifukuza. Tukiwakosea wao, watazika wengine."

Tangazo likasitishwa. Akapanda milimani mwenyewe na kikosi kidogo cha makarani, akiwafundisha namna ya kuuliza swali lile: kaa chini kwanza, weka kalamu pembeni, mpe mama muda wake. Majibu yaliporudi, wilaya zile ndizo zilizokuwa na vifo vingi kuliko zote. Zahanati zikajengwa huko. Na tumpe mkurugenzi haki yake, ndiye aliyezunguka ofisi za wakubwa kuzipigania.

Sasa sensa mpya imeshachakatwa, na wiki iliyopita takwimu za milimani zilitua mezani kwa Mama Hakiki, kazi yake ya mwisho. Vifo vimeshuka, tena sana! Tuliziona, lakini hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele. Yeye akaanza kutafuta mapengo. Akawapigia makarani. Akalinganisha na kumbukumbu za zahanati, akarudia tangu mwanzo, nasi tukawa tunapita mlangoni kwake kama watu wenye mgonjwa wodini. Mchana mmoja akatoka, miwani mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Ni kweli," akasema. "Shangilieni."

Ilikuwa patashika. Mkurugenzi alicheza, na ambaye hakumwona amekosa mengi.

Mama, asante kwa kutunyima furaha ya uongo mpaka tukaipata ya kweli. Tunakuombea ustaafu mrefu, wenye afya na vicheko, na wajukuu wakikutajia umri wao, tafadhali waamini. Milimani kuna watoto walioanza shule mwaka huu ambao hawakujui kabisa. Sisi tunakujua. Kwa niaba yao, nenda salama, maisha yakawe mema kwako.