Serikali Yumo Ndani

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, nami nawaomba utulivu, hasa ninyi vijana mliojipanga pale nyuma ukutani mkimkodolea macho mama mshonaji, maana nimewaona, na haya ninayosoma yanawahusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1952, katika vyumba vya watumishi nyuma ya jumba la gavana, mji huu ulipokuwa bado makao makuu ya koloni, akiwa mtoto wa kwanza wa tarishi wa jumba hilo. Barabara pana zilikuwa za wakubwa, sisi tulipita vichochoroni, na mwezi mmoja kabla ya kaka kuzaliwa baba alikanyaga zulia la ukumbini akiwa na matope miguuni, akachapwa viboko uani mbele ya mama na tumbo lake, ndiyo maana mama alizoea kusema kwamba kaka alizisikia fimbo kabla hajaisikia sauti ya baba yake.

Alianza shule mwaka 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, hesabu zikimpiga chenga lakini sauti yake ya kusoma ikisikika hadi barabarani. Tarehe 1 Juni 1970 aliajiriwa kuwa mhudumu katika jumba lile lile, bendera sasa ikiwa yetu na wakubwa wakiwa wetu, ila kipigo hakikukoma, kwani askari walipoasi mwaka 1973 walimkuta ngazini akipiga deki, wakamgonga mdomoni kwa kitako cha bunduki, yeye akapoteza meno ya mbele, mwenzake wa zamu akapoteza uhai palepale, kichwa kikiwa ndani ya ndoo.

Mwaka 1976 serikali ilihamia mji mpya, malori yakabeba majalada, viti, hata mapazia, kaka akaachiwa funguo na kuambiwa asubiri kidogo, watamtumia ujumbe. Jamani, ujumbe gani! Alisubiri mpaka akaota mvi. Akina mama wa sokoni wakambatiza jina Serikali, basi ikawa Serikali ana mafua, Serikali kagombana na mkewe, Serikali kalala na viatu, mgeni akisikia anashika mdomo kwa woga, wenyeji wanacheka hadi machozi.

Alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1979 na wifi yangu huyu, ambaye mpaka leo anaitwa Mama Serikali, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja muuguzi na mwingine dereva wa lori. Jumba lenyewe mnalijua lilivyo sasa, chini yuko mama mshonaji, yuko kinyozi, kuna darasa la watoto wanaojiandaa na mitihani, juu ni popo watupu, na kaka alifagia kote, hata ngazi asizozipanda mtu.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2019 vijana wa mitaa ya pembezoni waliingia mjini na hasira ya soko lao kubomolewa, hasira ya haki, wala siibezi, wakavunja mahakama, wakampasua askari kichwa kwa nondo, kisha wakalielekea jumba na matairi na petroli, wakidhani bado kuna wakubwa humo. Mama mshonaji alitoka barazani, akanyoosha mikono, akapiga kelele kwamba Serikali yumo ndani, Serikali yumo ndani, akijua kila mwenyeji akisikia hivyo atasimama, lakini wengi wao walikuwa wageni, hawakumjua Serikali wa kunywa chai, waliijua serikali ya kubomoa tu, wakashangilia, wakarusha moto dirishani.

Kaka aliungua mgongo, kifua na uso, na aliyemburuta hadi nje ni mama huyo huyo, kwa mikono ambayo leo imefungwa bandeji na haishiki sindano. Alilazwa hospitali ya wilaya, akafariki tarehe 22 Agosti, alfajiri.

Tangu hapo ninyi vijana wa ukutani mnasema mama huyu ndiye aliyemuuza, mmemvunjia cherehani, juzi mmemrushia mawe, na nimesikia kwamba tukitoka makaburini mnakwenda kumchomea nyumba. Sasa fungueni masikio. Alisema yumo. Hakusema imo. Yumo ni mtu, yumo ni kaka yangu, alikuwa anamwombea uhai. Na wawili kati yenu naona nyusi zimebabuka, sitauliza ziliunguaje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliobeba maji, kinyozi aliyemnyoa kitandani, na wafanyakazi wenzake wachache waliobaki duniani. Ile serikali nyingine haikutuma hata salamu, basi hatuna cha kuishukuru.

Mama mshonaji, njoo mbele ukae na wifi, amekuwekea nafasi, na udongo wa kwanza utauweka wewe kabla yetu sisi wa tumbo moja. Tukitoka hapa familia yote, mjane, mabinti, wajukuu na mimi na magonjwa yangu, tunakwenda kulala kwako, na mwenye kiberiti chake atatukuta ndani.

Pumzika kwa amani, kaka yangu.