Jumatatu za Mama Masika

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2019. Johannesburg imeamka na mawingu, upepo kidogo kutoka kusini, na matope ya mvua ya jana alasiri bado yako kwenye ngazi za ofisi. Kesho, tarehe 30, Mama Célestine Masika, msimamizi wa wahoji katika Kituo chetu cha Utafiti wa Maisha ya Wahamiaji, anastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi. Sherehe ya kumuaga ni leo saa nane mchana, Jeppestown, katika jumba la mafundi wa cherehani. Wanaouliza kwa nini hatukukodi ukumbi wa hoteli watapata jibu wakisoma hadi mwisho.

Mama Masika alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, akasomea uchumi hadi akapata shahada huko kwao. Alifika mjini hapa mwaka 1996 pamoja na mumewe, Baba Hénock, na watoto wawili. Shahada ilikuwa kwenye sanduku, lakini hakuna ofisi iliyotaka kuiona, kwa hiyo alisuka nywele karibu na Joubert Park. Mwaka 1998 Kituo kilitafuta mtu wa kuwasaidia wahoji wake kwa Kiswahili na Kifaransa. Aliajiriwa kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo zinazoisha kesho.

Waliofanya kazi naye wanajua mambo matatu. La kwanza, sauti yake haihitaji simu. Majirani wetu wa ghorofa ya juu walikuwa wakijua matokeo ya utafiti kabla ya mkurugenzi. La pili, hakuruhusu mhoji afungue hojaji kabla mwenye nyumba hajaketi. La tatu, alijifunza Kizulu akiwa na miaka hamsini, kwa sababu mjukuu wake Héritière alikuwa akimjibu kwa lugha hiyo huku akicheka. "Siwezi kusengenywa ndani ya nyumba yangu," alisema, akanunua kamusi. Siku hizi Héritière akitaka kumsengenya inambidi atoke nje.

Lakini kama kuna kazi moja ambayo jina lake litabaki nayo, ni ule ulinganisho wa mwaka 2017, na hapa lazima tusimulie kwa utaratibu.

Wenzetu wa chuo kimoja cha ng'ambo walikuwa wamelinganisha hali ya kiuchumi ya jumuiya mbili za wahamiaji katika nchi yao: Wafiji na Waisraeli. Nani ana kazi, ya aina gani, alifika na elimu ipi, na miaka kumi baadaye amesimama wapi. Walitupa hojaji yao ili nasi tulinganishe jumuiya mbili za hapa Johannesburg, Wakongo na Wakenya, kisha jozi hizo mbili ziwekwe pamoja. Mama Masika aliipenda kazi hiyo tangu ukurasa wa kwanza. Aliweka sharti moja: tufuate utaratibu wao bila kupunguza wala kuongeza. "Mukibadilisha kijiko, musiseme mumepima unga uleule," aliwaambia wahoji.

Utaratibu ulisema wahoji waende Jumamosi na Jumapili alasiri. Penye mlango usiofunguliwa, wachukue nyumba inayofuata yenye mtu. Basi tangu Februari hadi Mei, kila wikendi, vijana wetu walipanda ngazi za fleti za Joubert Park, wakazunguka Jeppestown, wakafika hadi Diepsloot. Kazi ilienda vizuri sana. Mei ilipokwisha, rasimu ilikuwa tayari, nayo ilisema kwamba Wakenya walikuwa wanaendelea vyema na kwamba zaidi ya nusu ya Wakongo watu wazima hawakuwa na kazi yoyote.

Rasimu hiyo haikuwa ya kuwekwa kabatini tu. Mafundi wa cherehani wa Kikongo, wanawake kwa wanaume, walikuwa wameomba kupangishwa karakana moja ya zamani hapa Jeppestown kwa mkataba wa miaka kumi. Walikuwa wakishonea vyumbani na vibarazani vya watu, wakifukuzwa kila mara. Wadhamini wa karakana hiyo walikuwa wamesema wazi kwamba watasubiri ripoti yetu ya Agosti. Ikionyesha kuwa hawa ni watu wa kazi, watapewa ufunguo. La sivyo, jumba litauzwa.

Jumamosi moja ya mwanzo wa Juni, saa ya jioni baada ya kazi, tuliisomea jumuiya rasimu hiyo katika ukumbi wa kanisa. Mama Masika alisoma mwenyewe. Alifika kwenye "zaidi ya nusu." Kisha akasimama Mama Jeannine, mwenyekiti wa mafundi, na futi yake ya kupimia bado iko shingoni.

"Maman Masika, kwangu mulikuja siku gani?"

Mama Masika alitazama karatasi. "Jumamosi, tarehe ishirini na tano Machi. Mlango haukufunguliwa. Tukachukua jirani."

"Jirani yangu mwenye mguu wa plasta?"

"Huyo."

"Na weye, Jumamosi hiyo, saa hiyo, ulikuwa wapi?"

Mama Masika alianza kuikunja karatasi.

"Nisaidie kukumbuka," Mama Jeannine akaendelea. "Nani alikuwa amesimama mbele ya kioo changu, mikono juu, ninamupima gauni ya harusi, ananiambia nisibane kiuno kwa sababu kutakuwa na chakula?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa nyuma aliuliza, "Na Jumapili je?"

"Jumapili yuko kwenye kwaya!" akajibiwa na sauti nyingi. "Sisi tuko nyuma yake!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi ndiyo siku ya nywele na ya nguo za harusi. Hakuna msusi wala fundi wa Kikongo anayekaa nyumbani siku hiyo. Jumapili ibada huanza asubuhi na kumalizika jua likielekea kuzama. Anayefungua mlango wikendi ni mgonjwa, au mlinzi aliyelala baada ya zamu, au mtu ambaye kweli hana pa kwenda. Tulikuwa tumehesabu waliobaki nyumbani na kuwaita jumuiya. Na msimamizi wetu, aliyewahi kusuka nywele kila Jumamosi kwa miaka miwili, alikuwa akiimba sauti ya kwanza huku watu aliowaandika "hakukutwa" wakiimba sauti ya pili.

Mama Masika hakujitetea. Aliiweka rasimu mezani kifudifudi. "Eish," alisema kwenye kipaza sauti. "Kosa hili lina mwenyewe, naye amesimama hapa. Ripoti hii haitoki hivi."

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na kikao kigumu ofisini. Mkurugenzi wetu, Daktari Mureithi, hakukataa kwamba kuna kosa. Hofu yake ilikuwa nyingine. "Mama, tukienda siku zetu wenyewe, ulinganisho unavunjika. Tutawaambia aje wale wa ng'ambo? Hii kazi yote ilikuwa ya kuwekwa kando ya ile yao."

"Daktari, umewauliza kwa nini walichagua Jumamosi?"

Hakuwa amewauliza. Wala Mama Masika hakuwa amewauliza, naye alikiri hivyo kabla ya kuambiwa. Walipiga simu pamoja, mchana uleule. Jibu lilikuwa rahisi. Waisraeli wengi wa huko hupumzika Jumamosi, basi walifuatwa Jumamosi. Wafiji hutoka kanisani Jumapili mchana na kula chakula kikubwa pamoja na jamaa, basi walifuatwa Jumapili baada ya chakula. Ratiba ile haikuwa kanuni ya sayansi. Ilikuwa heshima kwa jumuiya mbili zilizojulikana vizuri.

"Basi sisi ndio tuliovunja ulinganisho," Mama Masika alisema. "Mufiji alikutwa kwake. Muisraeli alikutwa kwake. Nasi tumugongee Mukongo siku yuko kwake."

"Siku gani hiyo?"

"Leo."

Daktari Mureithi alitazama saa yake, akachukua koti. Saluni nyingi hufungwa Jumatatu, na mafundi nao hupumzisha miguu baada ya harusi za Jumamosi. Kwa upande wa Wakenya, ambao wengi ni watu wa benki, makampuni na vyuo, yeye mwenyewe alishauri tuwafuate jioni za katikati ya wiki, kwani wikendi zao huishia kwenye vikao vya chama cha akiba na matanga. Alikuwa na hakika, alisema, kwa sababu mkewe Lois hajamwona nyumbani Jumamosi tangu wahamie.

Kwa hiyo baridi yote ya Juni na Julai tulianza upya, nyumba zilezile za orodha ya kwanza. Wahoji hawakutosha, na kila mtu wa ofisi alitoka, hata sisi tunaoingiza takwimu ambao kwa kawaida huwaona watu wakiwa tayari wamegeuzwa kuwa tarakimu. Daktari Mureithi alipelekwa Diepsloot kumhoji mwenye duka la spaza, kiduka cha mtaani. Mwenye duka alikubali kwa sharti kwamba mtu ashike kaunta wakati yeye anajibu maswali ya Mama Masika. Daktari, mwenye shahada tatu, aliuza mikate na mishumaa kwa muda wa hojaji nzima. "Mukubwa, iyo ni ya jana! Ya leo iko chini!" mwenye duka alimpigia kelele katikati ya swali la elimu. Mpaka leo wateja wa pale humuulizia.

Mama Masika hakukosa Jumatatu hata moja. Alipanda ngazi za majengo ambayo lifti zake zilikufa zamani, akisimama kila ghorofa kupumua na kutangaza kwamba hajachoka. Baba Hénock anasema kwamba miezi ile alikuwa akiamka mara kwa mara na kukaa jikoni gizani, na alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Karakana." Alijua kwamba wale mafundi wakikosa jumba, watakuwa wamelikosa kwa sababu ya ratiba aliyoipanga yeye.

Ripoti ilitoka Agosti, kwa wakati. Nayo haikumpendelea mtu, jambo ambalo Mama Masika alilisimamia kwa ukali. Wakenya bado walikuwa na kipato kikubwa zaidi, na ripoti ilisema hivyo bila kuzunguka. Lakini Wakongo wengi mno walikuwa kazini, wengi wao wakiwa wamejiajiri, na kwa kuajiri wengine, wakiwemo wenyeji wa hapa, waliwapita Wakenya. Zaidi ya hayo, ulipowaweka pamoja watu waliofika na elimu sawa, kisha vyeti vyao vikakubaliwa mapema, pengo kati ya jumuiya hizo mbili lilipungua sana. Tulipoziweka jozi zote mbili mezani, tuliona jambo hilohilo kwa Wafiji na Waisraeli. Tofauti kubwa haikuwa katika damu wala bidii. Ilikuwa katika mlango uliomfungukia mtu mwaka wake wa kwanza. Mama Masika, aliyeweka shahada kwenye sanduku miaka miwili, alisoma aya hiyo mara moja, akaenda kutengeneza chai.

Mwezi Februari mwaka uliofuata wadhamini walitoa ufunguo wa karakana. Mama Jeannine aliuleta kwanza ofisini kwetu, akauning'iniza kwenye futi yake kama nishani, akamvalisha Mama Masika shingoni mbele ya watu wote. "Sasa kuja Jumamosi yoyote," alimwambia. "Utatukuta." Walicheka mpaka wakalia, au walilia mpaka wakacheka, sisi tuliokuwepo bado hatujakubaliana. Jioni hiyo, kwa ushahidi wa Baba Hénock, Mama Masika alilala saa mbili kamili, hata taarifa ya habari hakuisubiri, na hakuamka mpaka kukacha.

Leo hojaji zote za Kituo huanza na swali ambalo vijana huliita "swali la Mama": Siku yako ya kupumzika ni ipi? Wenzetu wa ng'ambo nao wameliweka katika kazi zao mpya. Wahoji zaidi ya themanini wamefundishwa naye, na hakuna hata mmoja aliyemaliza mafunzo bila kusikia kisa cha gauni la harusi. Hukisimulia mwenyewe, kwa sauti ile, akionyesha jinsi alivyoinua mikono mbele ya kioo. Husema mhoji asiyejua anaweza kukosea wapi bado hajafundishwa.

Basi ndiyo maana tunakutana Jeppestown leo. Tutaketi katikati ya cherehani ishirini na saba zilizofunikwa kwa vitenge, mafundi wamekubali kusimamisha kazi siku ya Ijumaa, na wametuonya kwamba kesho ni Jumamosi, tusikawie kuondoka. Gauni atakalovaa mgeni wetu wa heshima limeshonwa humo humo. Tumedokezewa kwamba kiuno hakikubanwa.

Mama Masika, Kituo kinakushukuru. Asante kwa ngazi ulizopanda, kwa makosa uliyoyaita kwa majina yao, na kwa kutufundisha kubisha hodi. Wewe na Baba Hénock tunawaombea afya njema, wajukuu wenye adabu kwa lugha zote, na pumziko refu mlilolifanyia kazi. Jumatatu ijayo tutapita kwenu Joubert Park na sufuria ya wali. Tutagonga, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja, mlango huo utafunguliwa na mwenyewe.

Kathambi, Idara ya Takwimu