Fundi Sikio, Aliyeisomea Pumzi Yake

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa nne wa dereva wa lori na mshona nguo, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga. Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na gereji, akahitimu mwaka 1986, na kwa kuwa mwaka huo huo baba yake alifariki, alivuka barabara akaingia gerejini, daftari lingali mkononi.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi kama fundi msaidizi, cheo alichokaa nacho miaka thelathini na miwili, huku akiwafundisha kazi vijana waliokuja kuwa wakubwa wake. Jina alilipata huko, kwani aliweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini sikioni, akatulia, kisha akasema beringi inalia njaa, yaani imekaukiwa grisi, na ikifunguliwa ilikuwa kweli.

Alifunga ndoa tarehe 23 Agosti 1997, wakajaliwa watoto watatu, na Mama husema hakuna aliyewahi kuchelewa kurudi nyumbani kwa siri, maana bawaba ilimtajia Baba nani kaingia.

Mwaka 2020 kikohozi kilimwanza, daktari akamwambia ni vumbi la pamba, atoke ukumbi wa mashine upesi, naye alipoomba kuhamia ofisi ya matengenezo, ghorofani, kwenye madirisha, aliambiwa zile nafasi ni za wenye stashahada. Basi, ndugu waombolezaji, mtu wa miaka hamsini akarudi shule kutafuta hewa. Septemba 2021 alipoingia darasani katika chuo cha ufundi, kilichompokea kwa vyeti vya majaribio ya ufundi alivyopata kazini, wanafunzi walisimama kumwamkia wakidhani ni mwalimu, akawaambia kaeni wanangu, mimi mwenzenu.

Kila Jumapili binti yake mkubwa, bingwa wa midahalo chuo kikuu, alimsahihishia majibu, akikata “inalia njaa” kwa wino mwekundu na kuandika “upungufu wa kilainishi”, akimwambia, Baba, kwenye mtihani mashine hailii, naye akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, akasema basi hao watunga mtihani hawajaisikiliza.

Tarehe 1 Desemba 2023 alipata Stashahada ya Ufundi Mitambo na Matengenezo, akaipeleka ofisini asubuhi hiyo hiyo, akajibiwa asubiri kikao cha Machi, akarudi vumbini.

Alilazwa tarehe 22 Januari 2024. Jumapili tarehe 4 Februari alimwambia binti yake kwamba kifua kinalia njaa, na binti huyo, aliyeyakata maneno hayo miaka miwili, akakimbia kuleta uji. Alikunywa vijiko viwili, kwa adabu, na hakumsahihisha. Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgawia hewa mpaka mwisho, majirani waliotuachia nyumba zao kulaza wageni wa msiba, na mafundi wenzake, waliozima mashine zote dakika moja bila kumwomba mtu ruhusa. Uongozi wa kiwanda tunaushukuru kwa gari la kubeba jeneza, ambalo lilipatikana siku ile ile, bila kikao.

Pumua kwa amani, Baba.