Vipande Visivyo na Sura

Gogo la mkorosho lililolala nyuma ya soko la Newala lilikuwa na sifa moja kubwa: ukiketi juu yake unaliona Boma la serikali, lakini Boma halikusikii. Mohamedi muuza kahawa aliegesha birika lake hapo, na kila alasiri nchi ilitawaliwa upya. Alasiri hiyo Kasiani, mchongaji wa kijiji cha Mkunya, alimwaga kikapu chake mbele ya wenzake kwa aibu kidogo. Vilitoka vipande vya mninga, vya mraba, virefu, vya pembetatu, vimesuguliwa kwa majani ya msasa hata vinateleza. Havikuwa na jicho wala pua. Bibi Maendeleo, mwalimu wa akina mama, alivitaka hivyo hivyo, watoto wavichezee mama zao wakiwa darasani wakijifunza kufuma. Vikipendeza, Kasiani ndiye angetengeneza vya wilaya nzima. Kando aliweka kipande kimoja ambacho mkono wake ulikataa kukiacha kitupu: simba, mwenye manyoya, meno na hasira.

— Nipeni shauri kabla havijachukuliwa, alisema. Nivitoe hivi, au niombe siku nivichonge vyote kama simba huyu?

— Hizi ni kuni, alisema Bwanali, aliyeitwa Redio kwa sababu alisema bila kuulizwa na hakusikia akijibiwa. Babu yako alichonga sura za mapiko za kuvaliwa ngomani, watu wazima wakakimbia. Wewe unawapelekea watoto kuni?

— Hapo ndipo panaponiuma. Watu watasema mkono wangu umekufa.

— Si kuni, ni mpango, alisema mzee Fakihi. Huyu walimwita Keya, jina la askari wa Mwingereza, kwa kuwa alipigana Burma na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Leo, aliendelea Keya, mtoto anapanga vipande, kesho ni mwashi. Boma jipya litasimama bila mtu kulipwa.

— Mwashi wapi, mzee! Redio alidakia. Mashamba ya karanga yamewashinda Wazungu huko Nachingwea, sasa wanataka reli ipande huku kwetu juu. Haya ni mataruma ya kulazia reli. Ndiyo maana hayana sura. Utakanyagaje taruma linalokutazama?

— Taruma la pembetatu umeliona wapi? Keya aliokota vipande viwili, akavisimamisha, akaweka cha pembetatu juu. Tazama. Hili ni Boma.

— Boma gani halina ngazi? Redio naye akashuka kwenye gogo, akachuchumaa. Lete hicho kirefu. Hili hapa gari la mkuu wa Boma, Bwana Shauri.

— Hilo ni daraja, bwana.

— Daraja Newala? Maji yenyewe tunayafuata bondeni!

— Litajengwa kwanza, mto utaletwa baadaye. Hujui kazi za serikali wewe. Na mwondoe huyo simba, anaziba barabara.

Redio akamsogeza simba mchangani. Mohamedi aliacha birika, akaweka kipande kidogo mbele ya Boma.

— Huyu ni mimi. Nauza kahawa mlangoni.

— Una kibali? Keya aliuliza, bila kucheka.

— Nimeomba. Ndiyo nangoja gari lifike.

Kasiani hakunywa kahawa yake. Macho yake yalifuata mkono huu, yakahamia ule. Gari lilikuwa limegeuka ghala, ghala likawa jeneza la karani mmoja asiyependwa, kisha likawa gari tena, na hakuna aliyelalamika.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Zena.

Veridiana, huyo Mama Zena, ndiye aliyewalea watoto wakati wa darasa, na alikuwa amekuja kuchukua kikapu. Alivitazama vipande, akawatazama wazee waliopiga magoti, kisha akamwinua simba mchangani na kumpangusa.

— Ametoka vizuri kweli, Baba Gervas, alimwambia Kasiani. Ila nauliza tu. Mtoto akichoka na simba, atamgeuza awe nani?

Mohamedi akakoleza mkaa wa birika.

Kasiani alimpokea simba, akamtia mfukoni.

— Huyu nitabaki naye. Chukua vile vitupu, mama, na umwambie Bibi Maendeleo vingine vinakuja, hivyo hivyo.

Akainama avikusanye. Redio akalikinga Boma kwa viganja viwili.

— Ngojeni kidogo jamani! Bwana Shauri hajashuka garini.